Fundo la Khamisa katika Duka Lisilo na Mlango

Kule Chula, kisiwa cha Wabajuni pwani ya Somalia, mawimbi yakikutupia ubao ufukweni, huhitaji wakili. Unauburura hadi juu ya mstari wa mwani, unaufunga fundo la ukambaa, unakwenda zako kula. Ukirudi hata keshokutwa, utaukuta palepale. Khamisa alilelewa hivyo, na hakuwahi kuona mtu akifungua fundo la mwenzake hadi vita vilipoanza na wenye bunduki wakashuka kisiwani. Hao walifungua kila kitu: mafundo, milango, mpaka mashine za mashua. Alikimbilia Mombasa na bintiye Nuha. Kambini wakapewa blanketi moja, nalo lilikuwa na tundu la kumpitisha mbuzi.

Miaka ikamsukuma hadi Uingereza, kwenye ghala la kampuni kubwa inayouza vitu mtandaoni. Wabajuni wa mji ule waliiita Duka Lisilo na Mlango, maana liliuza kila kitu na mwenyewe haonekani. Magazeti yalilisema vibaya: kodi halilipi ya kueleweka, wafanyakazi linawakimbiza kama kuku wa harusi, na kimashine cha mkononi kinakuhesabia hata haja ndogo. Duka lilijibu kwa bango kubwa juu ya mlango wa choo: TUNAKUJALI.

Hayo yote Khamisa aliyameza. Kilichomkwama kooni ni kazi aliyopewa majira ya baridi, ya kushughulikia vitu vilivyorudishwa na wateja. Yalikuja mablanketi mapya, bado yamo mifukoni mwake, yamerudishwa kwa sababu rangi haikupatana na kochi. Kuyakagua na kuyauza tena ni gharama zaidi kuliko kuyasaga. Basi yasagwe.

"Mablanketi?" aliuliza Khamisa. "Na baridi hii?"

"Ndio utaratibu," alisema msimamizi, kijana mwenye tai na mafua.

Khamisa hakubishana. Aliuvuta mkokoteni wa mablanketi hadi ng'ambo ya mstari wa njano uliochorwa sakafuni, akaufunga fundo kwa kamba ya vifurushi, akaenda kunywa chai. Naam, alifunga fundo la Chula katikati ya Ulaya, akaamini limetosha!

Kichekesho ni kwamba lilitosha. Mwendesha mashine ya kusagia alikuwa Bakri wa Fuma, kisiwa kingine cha Wabajuni, na wasukuma mikokoteni wa zamu ile wengi wao Wabajuni. Duka liliwapenda kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda. Kila aliyeliona fundo alilipita kwa adabu, na Khamisa akaendelea kufunga.

Msimamizi akaja anahema. "Bakri, mbona mashine imelala?"

"Mali ina mwenyewe, bosi."

"Mwenyewe ni kampuni!"

"Kampuni imeitupa. Bi Khamisa ameivuta." Kisha, chinichini, kwa Kibajuni: "Mchu hagusi," yaani mtu hagusi.

Bakri akamnong'oneza Khamisa, "Shangazi, tutafukuzwa."

"Kambini ulijifunika nini wewe?"

"Gunia."

"Basi nyamaza."

Msimamizi akamgeukia Khamisa. "Fungua hizo kamba."

"Sifungui."

"Utapoteza kazi, mama."

"Nimepoteza kisiwa kizima, mwanangu. Kazi yako ndiyo nishindwe kuipoteza?"

Kijana akatoa kisu cha kukatia makatoni. Khamisa akasimama mbele ya mkokoteni, mikono kiunoni. Wenye bunduki hakuweza kuwazuia. Huyu mwenye mafua angemzuia. Bakri akavua glavu, akaja kusimama kando yake, na wenzake nyuma yake. Mtu akainua simu kupiga picha. Msimamizi akayakumbuka magazeti, akakirudisha kisu mfukoni.

Wiki ile ile duka lilitangaza Mpango wa Joto la Upendo. Mablanketi yakapelekwa hosteli ya wakimbizi, na gazetini msimamizi akaonekana amekumbatia moja kama mtoto wake. Khamisa hakuwemo pichani. Yeye alihamishiwa kwenye birika za umeme, eti apumzishe akili.

"Na hizi zikirudishwa?" aliuliza.

"Zinasagwa."

Khamisa akapapasa mfukoni. Kamba ilikuwepo.