Kahawa ya Theonestina

Siku yangu ya kwanza ya ukatekista sikufundisha hata neno moja. Nilifika parokiani, kwenye vilima vya Muleba, nimevaa shati jeupe alilonipigia pasi mama kule Maruku, katekisimu kwapani, nikidhani nitaonyeshwa darasa. Nikakuta kanisa limejaa watu waliokimbia vita kutoka ng'ambo ya mto Kagera. Walilala kati ya mabenchi, na nepi za watoto zilikuwa zimeanikwa kwenye ule uzio wa mbele ambapo waumini hupiga magoti kupokea Komunyo.

Paroko, yaani padre mkuu wa parokia, alikuwa mzee mfupi mwenye sauti nzito. Tulimwita Paroko Mzee, hata mbele yake.

"Umekuja na katekisimu?" aliniuliza.

"Nimekuja nayo, Padre."

"Iweke juu ya kabati. Shika mwiko."

Nikamuuliza kwa nini katekista akoroge uji.

"Kwa sababu hawa wana njaa," akasema. "Ukipata swali gumu kuliko hilo, uniletee."

Niliyapata mengi, na yote nilimpelekea. Mimi nimeumbwa hivyo. Nikiona mlango umefungwa, sitatulia mpaka nijue umefungiwa nini. Haikupita muda watu wakanibandika jina la Mwalimu Kwa Nini, na limeganda mpaka leo.

Vijana huniuliza ukatekista wa wakati ule ulikuwa kazi gani. Padre alikuwa mmoja, na vigango, yaani yale makanisa madogo ya vijijini, vilikuwa vingi na mbali. Jumapili ambayo padre hakufika, katekista aliongoza ibada. Alifundisha watoto wa Komunyo ya kwanza na wakatekumeni, ndio watu wazima wanaojiandaa kubatizwa. Mtoto akizaliwa anahema kwa shida, katekista alimbatiza papo hapo. Huo tuliuita ubatizo wa hatari. Na zaidi ya yote, alimtengenezea padre njia.

Hili la njia nilieleze. Mgonjwa akizidiwa, padre huenda kumpa mpako wa wagonjwa, yaani kumpaka mafuta matakatifu. Katekista hutangulia. Anahakikisha kuna meza, kitambaa cheupe, mshumaa na maji, lakini hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenyewe ni kukaa na watu wa nyumba na kujua nani ameudhika na nani hazungumzi na nani, ili padre asiingie kama kipofu kwenye kibanja cha watu, yaani nyumba na shamba lao la migomba.

Tena kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, hata kabla hajaulizwa habari. Ni buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa. Mwenye nyumba huzileta katika kikapu kidogo, wewe unatia mkono, unachukua chache, unatafuna. Ukizikataa, umeikataa nyumba.

Vita vilipokwisha, Mkurugenzi wa makatekista alinihamishia visiwani, kwa wavuvi. Wale walitoka kila pembe ya ziwa, kwa hiyo nilifundisha kwa Kiswahili changu cha shule. Leo unaandikisha watoto wa kubatizwa, wiki ijayo kambi imefuata dagaa kisiwa kingine, nawe unawafuata na katekisimu yako. Niliwapenda sana watu wale, maana nao walikuwa na maswali. Ndiko nilikosikia kwanza habari za ugonjwa ulioitwa Juliana. Wachuuzi walisema umepewa jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kikivushwa mpakani. Nikawauliza kitambaa kinamwambukizaje mtu. Walinicheka, lakini hakuna aliyenijibu.

Niliporudishwa parokiani kwetu nikakuta kicheko kimekwisha. Nyumba hii wamelia jana, ile wanalia leo. Watoto wangu wa darasani walikuja wamenyolewa nywele kwa msiba, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Mimi mwenyewe nilizika wadogo zangu wawili, Laurian na Respicius, na sikuwalilia sawasawa, kwa sababu kesho yake kulikuwa na msiba mwingine wa kuongozea sala. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Katikati ya hayo Paroko Mzee akastaafu, akahamia Bukoba mjini. Siku ya kuondoka aliniita pembeni.

"Anakuja kijana badala yangu," alisema. "Watu watamletea ndizi na maharage, hilo silihofii. Wewe mletee maswali. Padre asiyeulizwa kitu huoza kimyakimya."

Kijana alikuja. Alikuwa mwenyeji wa Rubafu, mrefu, mwenye sauti nzuri ya kuimba Misa, nasi tukamwita Padre Kijana. Mwezi wa kwanza watu walimsifu. Mwezi wa pili wakaanza kunong'ona. Padre Kijana hakumpa mtu mkono. Kabla ya kugawa Komunyo alinawa mpaka maji yakaisha kwenye jagi. Akienda kwa wagonjwa alisimama karibu na mlango, na kikapu cha kahawa kikiletwa, alitikisa kichwa.

"Anatuogopa," watu walisema. Taratibu wakaacha kumwita. Wagonjwa walianza kufa bila sakramenti huku padre yupo mwendo mfupi tu kutoka kwao.

Ndipo akaugua Theonestina. Alikuwa mjane, kiongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, yaani kikundi cha waumini majirani, cha kijiji chake, na hakuna aliyewatunza mapadre kama yeye. Zamu ya Jumuiya yake ikifika, nyumba ya mapadre ilipata mkungu mzuri kuliko yote, kuni na mafuta ya taa. Nilikwenda kumtengenezea padre njia kama kawaida, nikamkuta ameisha mwili, macho tu ndiyo yaleyale.

"Nyegera waitu, Mwalimu," alinikaribisha kwa heshima ya lugha yetu. "Kama umekuja kuniletea Padre, usisumbuke."

"Kwa nini, dada?"

"Nilimpelekea ndizi akazila. Amekuja hapa nimempa kahawa, akaikataa. Mtu anayeogopa mkono wangu hatanipaka mafuta."

"Na ukifa bila mpako?"

"Nitamweleza Mungu mwenyewe," akasema, akageukia ukutani.

Nilirudi nimekasirika. Mwanamke aliyelilisha Kanisa maisha yake yote alikuwa anakufa nje ya mlango wake, nami niliona kosa ni la yule kijana. Nilikwenda moja kwa moja nyumba ya mapadre nikiwa na maneno makali mdomoni.

Nikamkuta nyuma ya jiko, anaosha sahani yake mwenyewe. Aliiosha kando, mbali na vyombo vya wengine, kisha akaiweka na kikombe chake kwenye kikasha chake peke yake. Nikasimama. Mtu anayeogopa ugonjwa wa wenzake hujitenga nao akiwa kwao. Mbona huyu amejitenga hata na mpishi, ambaye ni mzima kabisa?

Maneno makali yakanitoka kichwani, likabaki swali.

"Padre, unaogopa nini hasa?"

Akafunika kikasha chake. "Wao wanasemaje?"

"Wanasema unawaogopa wao."

Akakaa juu ya gogo la kuni. "Kaka yangu alifia mikononi mwangu kule Rubafu, kabla sijapewa upadre. Nilimwosha, nikamlisha, tukala sahani moja. Mimi ninao huu ugonjwa, Katekista. Siwaogopi wao, ninajiogopa mimi. Nikitia mkono kwenye kikapu cha Theonestina, nyumba nzima nitaimaliza."

Sikujua kama sahani huambukiza au haiambukizi, na yeye hakujua, ila yeye alikuwa ameteseka na kutokujua kwake peke yake. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Nikamwambia awashe pikipiki twende hospitali ya misheni.

Sista aliyekuwa mganga mkuu pale alitusikiliza akiwa amesimama, maana foleni ilikuwa ndefu.

"Ulichomwa sindano moja naye?" alimuuliza Padre. "Mlitumia wembe mmoja? Damu yake iliingia kwenye kidonda chako?"

"Hapana, Sista."

"Basi kwa kumlisha hukuupata, wala kwa kumwosha, wala kwa sahani. Haupiti kwa mkono. Haupiti kwa chakula."

"Na kwa buni?" nikauliza.

"Wala kwa buni."

Nikamuuliza kuhusu mbu, jasho, shuka, na kile kitambaa cha Juliana. Alinijibu yote, mwishowe akataka kujua kama nimekuja kusomea uganga. Padre Kijana alikuwa anaitazama mikono yake.

Tulikwenda kwa Theonestina tukitokea hukohuko. Nilitangulia kuingia, nikamwambia Padre hakuja kumpaka mafuta, ana neno lake tu. Akageuza uso kutoka ukutani, nami nikalichukua hilo kuwa ruhusa. Padre Kijana aliingia, akapita mlangoni pale alipozoea kusimama, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Theonestina, sikukuogopa wewe," akasema. "Nilidhani ninao mimi. Niliogopa kukuua."

Theonestina akacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkata.

"Mimi ninakufa tayari, waitu," alisema alipopata pumzi. "Ungeniua mara ngapi?"

Akakivuta kikapu kutoka chini ya mto. "Tafuna."

Padre akatia mkono, akatafuna, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Theonestina akanipa na mimi, kisha akaniambia nitoke nje kwa sababu anataka kuungama, na anajua masikio yangu yalivyo. Nilipoitwa tena ndani, akapakwa mafuta matakatifu.

Alifariki kabla ya senene kuanza kuruka. Padre Kijana alilibeba jeneza lake begani, na tangu mazishi yale hakuna nyumba iliyoacha kumwita.

Mimi nilistaafu miguu iliponigomea. Jumuiya zilinifanyia sherehe, wakanipa mbuzi na godoro. Nanyi mnaoanza kazi hii, nawaambia, mkungu wa ndizi mpelekeeni padre, naye ana tumbo. Ila mtu akitunzwa tumbo tu, bado yuko peke yake.

Kwenye sherehe ile alikuja Padre Kijana kutoka parokia yake mpya. Ana mvi sasa, lakini jina halijabadilika. Hotuba zilipokwisha alivuta kiti karibu yangu.

"Mwalimu Kwa Nini," alisema, "miaka ile yote ulituuliza sisi. Na wewe, uliogopa nini hasa?"

Nilifungua mdomo nimjibu haraka, kama nilivyozoea kuwajibu watoto darasani.

"Swali hilo, Padre," nikasema. "Niliogopa mtu asije akaniuliza."

Kisha nikalia, mbele ya wageni na mbuzi wangu. Hakuninyamazisha, wala hakunihubiria. Alitoa mfukoni buni zilizofungwa kwenye jani la mgomba, akaniwekea chache kiganjani, akangoja. Nilitafuna nikilia, na nilipotulia nikaanza kumsimulia habari za wadogo zangu, nikianza na Laurian.