Watu Waliopandwa

Ninyi tuliokua pamoja Kashikishi, kando ya ziwa, miaka ya sabini hamhitaji kuelezwa harufu ya chisense, wale samaki wadogo walioanikwa mchangani mpaka nywele zetu zikanuka darasani. Tulicheza waida kwa mpira wa makaratasi na nailoni: wawili wanarusha, mmoja yuko katikati anakwepa, na aliyepigwa mgongoni alilia kidogo kisha akaendelea. Watoto wa leo ukiwapa mpira watakuuliza chaja yake iko wapi. Sisi ikifika jioni tulikuwa hoi, tumeshiba bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, tunalala bila kubembelezwa na mtu.

Kwetu tulikuwa watu wa ng'ambo. Mama alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo nikiwa mgongoni mwake, akifanya biashara ya samaki wakavu na mawese. Baba alipofariki, akabaki huku huku. Mwenye kijiji akampa shamba nyuma ya barabara, Mama akalipanda muhogo, na muhogo huo ndio uliotulisha. Nyumbani tulisema Kiswahili, njiani Kibemba, shuleni Kiingereza, na ukichanganya ulichapwa popote ulipo.

Kiingereza chenyewe tulifundishwa na Misi, mwanamke mrefu aliyebabuka uso kwa jua. Alitoka kaskazini ya Ayalandi, lakini ukimwita Mwairishi alikunja uso, ukimwita Mwingereza aliukunja zaidi. Wao, alisema, ni Waskoti wa Alsta. Kwake "ndiyo" ilikuwa "ai", nasi tukaidaka, hata mkaguzi wa shule alipotuuliza kama tunapenda masomo, darasa zima likamjibu "ai!" naye akadhani tunakataa. Kitu kidogo alikiita "wii", na mtoto anayempenda pia. Siku ya kwanza aliponiita "Wii Monika" niliruka nikasimama, maana kwetu mtu akikwambia "We Monika!" ujue fimbo iko njiani. Kumbe nilikuwa nimependwa, na mimi nilikuwa najitetea kwamba si mimi niliyevunja chaki.

Misi alikuwa ameishi Kongo kabla ya vurugu za uhuru, kwa hiyo alisema Kiswahili cha kwetu, ingawa kilimkwama hapa na pale. Jumamosi moja alipita nyumbani kununua sombe, akamkuta Mama anakata vijiti vya muhogo vya kupanda. Mama hakuwa na haya ya kuuliza.

"Misi," akasema, "weye haiko muzungu wa Angleteri, haiko wa Irlande. Sasa weye ni mutu ya wapi?"

Misi akatafuta neno. "Bantu yangu balipandwa."

Mama akaangalia kijiti alichoshika. "Balipandwa? Sawa muhogo?"

Tulicheka mpaka Misi naye akacheka, lakini neno lake hakulibadilisha. Ndilo hasa, alisema, hata vitabu vyao vinasema hivyo. Zamani sana mfalme aliwatoa watu Uskoti, akawavusha bahari nyembamba, akawapanda katika nchi ya Waairishi ili wamshikie nchi hiyo. Wengi wao walikuwa maskini wenye njaa ya ardhi. Walichimba mitaro, wakalima kitani na viazi, wakazika watoto wao pale. Mtaro kwa lugha yao ni "shuk", na ile bahari kati yao na Uskoti wanaiita vivyo hivyo, kana kwamba mtu anaweza kuiruka. Siku ya mbingu safi, alisema, ukisimama kwao unaona ng'ambo. Mama akageuka akatazama ziwani, maana sisi pia siku safi tuliona milima ya Kongo.

"Na benye shamba?" Mama akauliza. "Bale balikuwaka pale mbele yenu, balienda wapi?"

"Balisukumwa," Misi akasema. "Kwenye milima, penye majiwe. Habayasahau. Mpaka leo bantu banauana kule, nasikia kwa redio. Na miye niende wapi, Mama Monika? Bafu betu bote balizikwa kule."

Nilimwonea huruma sana. Mwalimu wetu, aliyejua kila kitu, alisimama kwenye uwanja wetu macho yamemjaa machozi. Mama hakumwuliza zaidi. Alimfungia majani yake, akamwongezea fungu jingine.

Lakini jioni ile Mama hakula. Shamba letu lilikuwa la nani kabla yetu? Hakuwahi kuuliza. Mwenye kijiji akikupa kitu unapiga makofi, unashukuru, yamekwisha. Ila kulikuwa na mjane mmoja, Bana Mwila, yaani mama yake Mwila, aliyepita pale kila asubuhi na kutusalimu vizuri huku macho yake yako kwenye matuta. Kesho yake, tulipotoka kanisani, Mama alinishika mkono, tukaenda kwake. Nilijua tukipoteza shamba lile tutarudi ng'ambo, na ng'ambo hatukuwa na mtu tena. Mama alijua zaidi yangu, na bado alikwenda.

"Bana Mwila, ile shamba ilikuwaka yako?"

"Ilikuwa yangu," Bana Mwila akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Nilienda Kilwa ya hapa ziwani kuuguza mama. Kurudi, nakuta muhogo yako imeota."

"Sasa mbona haukusema?"

"Nilikuwa nangojea weye uulize."

Mama akapiga magoti. "Basi nitatoka."

"Utoke uende wapi na mutoto?" Bana Mwila akasema, na sauti yake haikuwa laini hata kidogo. "Amuka. Kesho nakuja na jembe."

Akaja kweli. Tangu siku hiyo walilima pamoja, wakigombana juu ya kila tuta na kila mbegu, na sisi watoto tukala katika nyumba yoyote iliyotangulia kuivisha. Sidai kwamba kila mtu kijijini alituita wenyeji. Ila shambani pale hakuna aliyetuita wageni tena, na Mama alilala usingizi wake.

Siku hizi kijana akikutana nawe anataka kwanza kujua wewe ni kabila gani na babu yako alizaliwa upande upi. Mwaka jana mjukuu wa Bana Mwila, kijana mpole wa viatu safi, alinipeleka shambani na mtu wa kupima viwanja. Kila mtu sasa anataka karatasi yake. Akaniuliza kwa heshima, "Mama, sehemu yenu inaanzia wapi, na yetu inaishia wapi?"

Nilitembea huku na huku nikitafuta mpaka, nikarudi nikamwambia ukweli kwamba sijui, na bibi yake hakujua, na mama yangu hakujua. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyenyang'anywa kitu.