Kitanda Kilichogeuka Stendi Tatu

Kwa hesabu yangu, na nimeirudia mara mbili, stendi zile tatu zilitugharimu jogoo mmoja, kitanda cha wazazi wangu na ukucha wa kidole gumba cha mguu wa baba. Nikisikia harufu ya omena, dagaa wa ziwani, iliyochanganyika na oili ya injini, hata hapa Migori mjini, vyote vitatu hunirudia kwa mpangilio huo. Baba alikuwa akitengeneza injini za maboti Karungu, katika banda la mabati kando ya ziwa. Ndani mlikuwa na grenda, drili ya mezani na vaisi ya kubana vyuma, kila kimoja kwenye meza yake, hivi kwamba mteja aliingia kwa ubavu kama kaa. Banda lilikuwa la Min Rispa, yaani mama yake Rispa, mchuuzi wa omena. Jumatatu moja alisimama mlangoni, akatazama kushoto, akatazama kulia, akamwita baba kwa jina langu, “Wuon Atieno, nusu hii naweka magunia yangu. Ijumaa nisipopata nafasi, utatengenezea injini zako barabarani.” Karungu nzima hapakuwa na banda lingine la kukodi, na sisi hatukuwa na shamba la kukimbilia.

Wazo la magurudumu lilikuwa la mama. Alisema vifaa vipandishwe kwenye stendi nyembamba, vivutwe wakati wa kazi, kisha visukumwe chini ya meza moja ndefu, kwani mtaka cha mvunguni si lazima ainame kama cha mvunguni kinaweza kumfuata. Kesho yake tulikwenda Homa Bay, mimi na yeye na jogoo, kwa muuza vyuma chakavu. Jogoo alibadilishwa kwa magurudumu kumi na mawili. Nikayahesabu gunia likiwa bado wazi: kumi na moja. Nikarudia: kumi na moja. “Mama,” yule mzee muuzaji akanung'unika akitoa la mwisho chini ya kiti chake, “huyu umemzaa au umemwajiri?” Chuma cha fremu hakikupatikana kwa bei yetu, kwa hiyo Jumatano baba alitandika mkeka sakafuni, akakipeleka kitanda chao cha chuma bandani na kukikata. Mama alishika miguu ya kitanda huku msumeno ukilia, na uso wake haukuonyesha lolote. Alhamisi jioni stendi zote tatu ziliingia chini ya meza, zikabanana kama ndugu chini ya blanketi moja.

Ijumaa Min Rispa alifika na wabebaji wawili. Baba, kwa fahari, akaivuta stendi ya grenda katikati ya banda ili amwonyeshe, kisha akaiachia. Tulikuwa tumepima urefu, upana na kimo, sakafu hatukuipima. Banda lile lilikuwa limejengwa kwa ajili ya kusukuma maboti majini, na sakafu yake iliinama kuelekea ziwani. Stendi ikaondoka yenyewe, polepole, kisha si polepole, ikielekea mlangoni alipokuwa Min Rispa. Baba aliingiza mguu mbele ya gurudumu, likasimama juu ya kidole gumba. Nilisikia ukucha ukivunjika, au labda nilisikia mama akivuta pumzi.

“Wuon Atieno,” Min Rispa alisema, sauti ikiwa chini mno, “umeniita kwenye karakana au kwenye matanga yangu?”

Hakuna aliyecheka. Wabebaji walimtazama, wakingoja aseme vitu vyetu vitolewe nje. Mama akapita katikati yao, akarudi na jiwe la nanga la boti bovu, kamba ikiwa bado imefungwa, akaikaza kwenye mguu wa stendi. “Kinachoelea hufungwa,” alisema. Min Rispa akaipiga stendi teke. Akaipiga tena. Haikusogea. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, lakini siku ile uhunzi wetu wote ulining'inia kwenye fundo moja. “Leteni magunia,” akasema.

Leo nina karakana yangu katika chumba cha kupanga, sakafu ni ya saruji, tambarare, na magurudumu yangu yana breki. Hata hivyo kila jioni nazifunga stendi kwa jiwe lile lile, na wateja hunicheka. Wiki hii mwenye nyumba amekuja, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema anataka nusu ya chumba ifikapo Ijumaa. Stendi zangu tayari ziko chini ya meza. Nimehesabu nilichobakiza, nikahesabu tena. Wasomaji, nishaurini: kitanda changu ni cha mbao.