Kanga Kuukuu za Kupeleka Kitangari

Niliondoka Masasi kwa sababu dada yangu, Mama Asha, alikuwa hawezi kuvaa nguo. Moto wa jikoni ulishika dera lake, sare tuliyoshona ukoo mzima kwa unyago wa bintiye. Pamba nayo huungua, lakini huwa majivu. Kitambaa kile cha kung'aa kiliyeyuka kikaganda mgongoni. Hospitali walikuwa wamemruhusu, yuko kwake Kitangari, na ujumbe ulikuwa mmoja: leteni kanga za pamba, zilizochakaa.

Asubuhi, nyumbani kwa mama, Mkomaindo hapohapo Masasi. Mama alifungua sanduku la kanga alizoziweka kwa ajili ya uzazi na misiba, kama wafanyavyo wanawake wa kwetu. Kanga mpya ina gundi, inakwaruza. Hizi zilikuwa laini kwa kufuliwa miaka mingi.

"Peleka zote," akasema. "Mimi siku yangu mtanisitiri kwa lolote."

Gari lilipanda kona za Newala polepole. Toka Newala nikachukua bodaboda, furushi nimelipakata.

Kitangari, mchana. Mama mkwe wa dada alinipokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shuka zetu za dukani hazinyonyi majimaji, zinamganda. Tukizibandua analia."

Uani shemeji zake walikuwa wanapikia wageni, wote wamevaa sare ileile. Hasira zilinipanda.

"Jamani, mnakaa motoni na nguo hizo?"

"Ndiyo nguo yetu nzuri, Mama Juma," mmoja akajibu. "Twende kwa wageni na matambara?" Akaendelea kuchochea.

Tulilowesha kanga kwa maji kidogo, maana huko maji ni ya kufuata mbali, tukamfunika dada. Akashusha pumzi.

"Hii haiumi. Sasa mwiteni Asha."

Siku zote hizo alikuwa amekataa binti yake amwone vile. Asha aliingia, akakaa naye mpaka jioni. Wiki haikuisha, dada akafariki.

Nilikwenda dukani kununua sanda. Muuzaji hakutafuta, alishusha jora palepale.

"Pamba tupu hii, mama. Ya mazishi haikosekani."

"Na ya kushonea magauni?"

"Hiyo hatuleti. Inakunjamana, watu hawaitaki."

Nimerudi Masasi na uchungu mkubwa. Nilichojifunza ni hiki: pamba safi kwetu ipo, ila tunamvisha mtu asiyeweza tena kuungua.