Magauni ya Kompyuta Kumi na Nane

Siku ya pili ya safari, gari lilimshusha mkalimani mbele ya maktaba ya mji ambao hakuwahi kuuona hata kwenye picha. Alibeba mkoba wa nguo na kurasa mia mbili za kutafsiri, na alikuwa ameahidiwa kompyuta kwa wiki tatu. Mlinzi wa mlangoni alimpima kwa macho kuanzia viatu hadi kichwa.

"Karibu, mzee. Unatafuta kitabu au choo?"

"Natafuta kompyuta."

"Basi anza na choo," mlinzi akasema. "Hicho angalau kinafanya kazi."

Mkalimani aliweza kuuliza njia, kulalamika na kuomba radhi kwa lugha tano, na hapo aliomba radhi kwa moja tu. Akapanda ngazi.

Chumba cha kompyuta kilikuwa na meza tatu ndefu, madirisha yaliyofungwa kuzuia vumbi, na kompyuta kumi na nane zilizovalishwa nguo. Si mzaha. Kila kioo kilivaa kofia ya waridi, na kila boksi lenye mtambo, isipokuwa moja lililovuliwa, lilivaa gauni la kitambaa kizito cha rangi hiyohiyo, lenye bitana ndani na lesi chini, likiburuzika mezani. Ungedhani umeingia kwa maharusi wanaosubiri kuitwa. Chini ya meza ya mwisho ilitokeza miguu miwili yenye soksi zisizofanana.

"Angalia unapokanyaga," ilisema sauti ya huko chini. "Bisibisi yangu iko hapo sakafuni, na leo siyo siku ya kuipoteza."

Aliyetoka alikuwa mama wa makamo, brashi ya rangi imechomekwa sikioni kama kalamu. Mji mzima ulimwita Mama Feni, kwa kuwa hakugusa mashine kabla ya kuiinamia na kusikiliza feni yake, kichwa upande, kama mkunga.

"Nimeahidiwa mashine," mkalimani akasema.

"Umeahidiwa, eh? Mimi nitakupa iliyo hai. Ila nina kesi saa nane, kwa hiyo shika hii tochi."

Kesi yenyewe aliieleza huku akifungua skrubu. Kwa miezi miwili kompyuta saba zilikuwa zimekufa. Wiki iliyopita karani wa ofisi alimfumania akichomoa ramu, vile vijiti vya kumbukumbu, kutoka mashine nzima na kuvipachika kwenye mbovu. Karani akatoka mbio hadi kwa mkuu wa maktaba: fundi anaiba vipuri vizima, anaturudishia vibovu! Barua ilikwisha pigwa chapa. Akubali kosa, atie sahihi, aondoke kimya. Akikataa, kamati ya maktaba ingepeleka habari zake katika kila ofisi ya mji, na jina lake lingekuwa la mwizi hadi anaingia kaburini.

"Utatia sahihi?"

"Mimi?" Alimtazama kama aliyemtukania mama. "Labda waniletee mkono wa mtu mwingine."

Aliingia maktaba hiyo akiwa mfagiaji. Kompyuta za kwanza zilipofika, makatoni yalitupwa nje pamoja na vijitabu vya maelekezo, naye akavichukua vijitabu akavisoma nyumbani hadi kurasa zikalegea. Mwaka huohuo mashine ya mkuu wa zamani iligoma kuwaka. Wakaitwa mafundi watatu wenye tai. Wakaizunguka asubuhi nzima, wakatamka kwamba ubao wake wa ndani umeungua. Mfagiaji akasogea na ufagio wake, akasukuma waya wa umeme uliokuwa umelegea nyuma ya boksi. Mashine ikawaka. Mafundi wakakunja tai zao. Tangu siku hiyo, kila chombo kilichokohoa katika jengo lile kiliitiwa yeye, kuanzia kibodi zilizomwagiwa chai hadi printa iliyotafuna karatasi.

"Watu wanakimbilia ubongo wakati tatizo liko kwenye kamba ya kiatu," alisema. "Waya kwanza. Kisha swichi ya ukutani. Kisha unasikiliza: ikilia mara tatu inakwambia ramu, ikinyamaza kabisa inakwambia umeme. Ramu unaichomoa, unaisugua meno kwa raba ya shule, unairudisha. Ikigoma bado, unaazima nzima kwa jirani. Mbovu ikiwaka kwa kipuri cha jirani, ugonjwa umejulikana. Ndicho karani alichokiona."

"Na vya jirani unavirudisha?"

Alimnyooshea kijiti kimoja cha ramu. Pembeni kilikuwa na vitone vinne vya rangi nyekundu ya kucha. Boksi kilikotoka nalo lilikuwa na vitone vinne, ndani ya mfuniko.

"Kila kipuri kina kwao," alisema. "Kucha zangu hazijawahi kuionja rangi hii. Chupa nzima imeishia humu."

Kisha akamwonyesha kilichoua. Feni ya mashine iliyokufa aliyokuwa akiifungua ilikuwa imezibwa na manyoya ya waridi, laini, ya rangi ileile ya magauni. Karibu yake, kwenye ubao, vijipipa vidogo vya kutunzia umeme vilikuwa vimefura vichwa na kutoa ute wa kahawia.

"Joto," mkalimani akasema.

"Joto! Mara mbili nimemwambia Bi Mkuu, hizi nguo zinazinyonga. Akaniuliza: nguo alizoshona dada yangu zimekukosea nini?"

Saa nane kamili waliingia watatu: mwenyekiti wa kamati, mzee mnene aliyepumua kwa mdomo; Bi Mkuu wa maktaba, mwanamke nadhifu mwenye miwani ya mnyororo; na karani, barua mkononi. Mkalimani alitaka kutoka. Mama Feni akamwambia akae, chumba ni cha umma.

"Dada, tusichoshane," mwenyekiti akaanza. "Tia sahihi, kila mtu aende na njia yake."

"Mzee, kabla ya sahihi, naomba karani anizimie mashine hizi mbili. Ile uchi na ile iliyovaa. Zinafanya kazi tangu asubuhi."

Karani akacheka kwa pua. Akapandisha gauni lililokingama, akabonyeza kitufe cha kioo kimoja, kisha cha kingine. Vioo vikawa vyeusi. "Tayari. Hata mtoto anajua."

"Umezima. Vaa tena gauni lake basi, kama mnavyofanya kila Ijumaa."

"Nivae mimi?"

"Lingekutosha, lakini livishe boksi."

Mwenyekiti akakohoa kuficha kicheko. Gauni likashushwa, lesi ikanyooshwa.

"Sasa mzee, ingiza mkono chini ya gauni," Mama Feni akasema. "Usione haya, ni mashine."

Mwenyekiti akaingiza mkono, akauchomoa kama aliyegusa sufuria. "Mama yangu! Inawaka!"

"Sasa iguse ile uchi."

Akaigusa. Akauacha mkono juu yake, akatulia. Feni zote mbili zilisikika, moja ikinong'ona, nyingine ikilia kama mtu anayepandishwa mlima.

"Karani amezima macho," Mama Feni akasema. "Mwili unakimbia. Mnazima kioo, mnasema kompyuta imelala, mnaifunika bitana, mnafunga madirisha, mnaenda makwenu siku mbili. Jumatatu mnaniita. Mie nakuta maiti, halafu mie ndiye muuaji?"

Akafungua maboksi saba yaliyokufa na majirani yake mazima, moja baada ya jingine, na kuwaonyesha vitone. Kipuri cha vitone viwili kwenye boksi la vitone viwili, cha vitone tisa kwenye la vitone tisa. Mwenyekiti alihesabu mwenyewe, akisogeza kidole. Hakikukosekana hata kimoja. Karani akawa anachunguza dari.

Bi Mkuu alisogea mbele. Alivua miwani akaifuta. "Sawa. Wizi haupo. Barua tutaichana. Tutaandika kwamba mashine zimekufa kwa uchakavu wa kawaida, na wewe utaendelea na kazi yako. Mambo ya vitambaa yaishie humu."

"Hapo ndipo hekima," mwenyekiti akasema, akifurahia wazi kwamba kesi imekwisha. "Dada, umeshinda. Shukuru."

"Nashukuru. Andikeni zimekufa kwa joto, kwa kufunikwa zikiwa zinawaka. Mstari mmoja tu."

"Unataka nimwaibishe dada yangu kwenye karatasi ya serikali?"

"Dada yako ni fundi wa nguo, na mshono wake sina ubaya nao. Lakini ukiandika uchakavu, magauni yatabaki. Yakibaki, mwezi ujao zitakufa nyingine tatu. Zikifa, ataingia karani mwingine mbio. Bi Mkuu, mimi nimeitwa mwizi mara moja. Ya pili sitaingoja nikiwa nimekaa."

"Basi hiyo ndiyo kauli yangu," Bi Mkuu akasema. "Uchakavu. Ukitaka kazi, ndiyo hiyo."

"Siitaki."

"Mama Feni," mwenyekiti akasihi, "usiwe mgumu hivyo. Uende wapi na umri huu?"

"Barabarani. Nitaweka meza na kibao: hapa tunasikiliza feni. Mtu akiniletea mashine iliyovaa, nitaivua mbele yake."

Akaanza na ile iliyokuwa karibu. Alinyanyua gauni kwa mikono miwili, akalikung'uta, akalikunja kwa adabu, pembe kwa pembe. Akaenda ya pili. Hakuna aliyemzuia, labda kwa sababu alikunja vizuri kuliko wao wote. Alipofika ya mwisho, rundo la waridi lilimfika kidevuni. Akaliweka mbele ya Bi Mkuu, akafungua dirisha moja, akakusanya bisibisi na brashi, akamwashiria mkalimani kwa kichwa.

"Tumia ya nne, mgeni. Ukimaliza, uizime yenyewe, siyo kioo."

Akateremka ngazi. Walisikia mlinzi akimuuliza kitu huko chini, na kicheko cha Mama Feni kikimjibu, kisha lango.

Mkalimani alikaa kwenye ya nne akaiwasha. Bi Mkuu alilinyoosha gauni la juu la rundo lile.

"Karani," akasema, "zifunike."

Karani alitazama rundo, akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti bado alikuwa anapuliza vidole vyake. Karani akavuta kiti, akakaa.