Mfumo Mpya Aliouweka Kaka

Kaka yangu alikuja Songea kula Krismasi, na kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai alikuwa ameshafungua kompyuta yangu.

"Bado unatumia mfumo huu?" aliniuliza kwa sauti, ili na wajomba waliokaa sebuleni wasikie. "Huu umeshapitwa. Ngoja nikuwekee mpya."

Nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga. Nikatoka nikamwambia aiache, inafanya kazi vizuri, na mle ndani kuna kazi ya watu. Mama akanikatiza: "Mwache mwenzako akusaidie. Huyo ndiye anayevijua vitu hivi."

Kaka anauza bima. Lakini kwetu mtu akishakaa Dar es Salaam anahesabiwa kuwa anajua kila kitu, kuanzia dawa ya presha hadi bei ya mabati, na tangu baba afariki hakuna linaloamuliwa nyumbani bila yeye kupigiwa simu. Mimi niliyebaki na mama hapa Mfaranyaki, ninayempeleka kliniki, huwa naambiwa uamuzi ukiwa umeshafanyika.

Kazi yangu wakati ule niliipenda. Mtafiti mmoja alikuwa amewarekodi wakulima wa korosho wa Tunduru, wengi wao wakiongea Kiyao, na alihitaji mtu wa kusikiliza, kuandika walichosema, kisha kukitia katika Kiswahili. Sisi ni Wangoni, lakini baba alifundisha Tunduru miaka mingi na mimi nilikulia huko; Kiyao nilikijua kwa kucheza na wenzangu. Nilivaa hedfoni asubuhi mama akiwa juani barazani, nikasikiliza sentensi moja, nikasimamisha, nikaandika, nikarudisha nyuma pale mzee alipomeza neno. Ni kazi ya kusimamisha na kurudisha. Haina kingine.

Mfumo mpya ulijiweka mchana kutwa, huku kaka akipita kila mara kuangalia kama mpishi anayeangalia chungu. Jioni alimwita mama aone picha ya milima iliyotokea kwenye kioo. Mama akasema imependeza. Wajomba wakapiga makofi. Baada ya sikukuu kaka akapanda basi, akaenda zake.

Niliporudi kazini nikakuta kompyuta imekuwa nzito. Nikiiwasha, nilikuwa na muda wa kufagia uwanja kabla haijakubali nifungue kitu. Nikibonyeza kusimamisha sauti, mzee wa watu aliendelea kuongea, kisha akakatika katikati ya neno wakati mimi nimeshasahau alikoanzia. Nikirudisha nyuma, mshale ulizunguka, ukazunguka, kioo kikaganda. Kurasa nilizokuwa nazimaliza asubuhi moja sasa zilinichukua siku nzima, na jioni kichwa kiliniuma.

Nikampigia kaka.

"Subiri," alisema. "Mfumo ukiwa mpya lazima ujipange kwanza. Ipe wiki mbili, itakaa sawa."

"Kwa hiyo nisiguse kitu?"

"Usiguse kitu. Utaharibu."

Nikasubiri. Nilipompigia tena alikuwa kwenye mkutano, akaongea kwa haraka. Alisema labda ni umeme wa huko kwenu. Huko kwenu, kama vile yeye alizaliwa baharini. Au labda nimeijaza takataka, nifute vitu vyangu. Nikafuta nyimbo za kwaya yetu, nikafuta video za harusi ya binti wa shangazi ambazo sikuwa nazo pengine popote. Kompyuta haikubadilika hata kidogo.

Mtafiti akaandika kuuliza nimefikia wapi. Nikamjibu kwamba kompyuta inasumbua. Nilipoisoma tena ile sentensi niliona jinsi inavyofanana na uongo wa kila mtu aliyechelewesha kazi.

Hapo ndipo nilipoacha kumsikiliza kaka. Nilitumia simu yangu kutafuta, nikasoma maelezo ya watu waliopatwa na tatizo kama langu, na walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Nikajifunza kufungua ukurasa unaoonyesha kompyuta inashughulika na nini. Nikakuta diski inafanya kazi asilimia mia moja, ilhali mimi sijafungua chochote, nimekaa tu naiangalia. Kumbe kulikuwa na programu nyingi zilizojiwasha zenyewe kila nilipowasha mashine, nyingine kaka aliziweka bila kuniambia: ya kusafisha, ya kulinda, na moja ya kupeleka mafaili yangu yote mtandaoni kwa bando ambalo nalinunua mimi. Nikazizima moja baada ya nyingine. Ikapata nafuu kidogo, kama mgonjwa anayekaa kitandani lakini hawezi kusimama.

Kisha nikasoma kwamba mtu akishaweka mfumo mpya anaweza kurudi kwenye ule wa zamani bila kupoteza kitu. Nikafuata maelekezo hatua kwa hatua, nikafika palipotakiwa kuwa na kitufe. Kitufe kilikuwa kimefifia. Chini yake paliandikwa kwamba nafasi hiyo haipo tena, kwa sababu zimepita zaidi ya siku kumi.

Wiki mbili, ipe wiki mbili, usiguse.

Sikulia. Nilifunga kompyuta nikaenda kuanua nguo. Lakini nakumbuka nilisimama pale kwenye kamba, shuka la mama mkononi, nikawaza mambo mengi ambayo hayakuwa ya kompyuta. Niliwaza shamba la Mpitimbi, ambalo kaka alisema tusilime kwanza, tusubiri apate mtu wa ubia, nalo likaota magugu hadi jirani akasogeza mpaka. Niliwaza chuo nilichopata nafasi, akasema nisubiri mwaka mmoja mama apone. Sauti ni ileile, ya upole kabisa, ya mtu asiyepoteza chochote akisubiri.

Nikaipeleka kompyuta kwa fundi karibu na soko. Aliifungua, akaniuliza nani aliniwekea mfumo ule.

"Kaka yangu."

"Hakukuangalizia diski kwanza? Hii ni ya kizamani, ile ya kuzunguka. Mfumo huu utaisumbua mpaka mwisho. Dawa ni kubadilisha diski, na kumbukumbu tuiongeze."

"Ningebaki na mfumo wangu wa zamani ingekuwaje?"

Alifunga skrubu kwanza. "Ungekuwa unafanya kazi yako saa hizi, dada."

Diski iliagizwa ikaja na basi, fundi akahamishia humo mafaili yangu yote. Siku niliyoichukua mashine iliwaka upesi hata nikashtuka. Nikaketi, nikavaa hedfoni, nikafungua barua pepe nimjulishe mtafiti. Barua yake ilikuwa imenitangulia. Alinipa pole kwa changamoto, akasema muda umembana, kazi iliyobaki amempa mtu wa Masasi. Aliniomba nifute rekodi zote nilizonazo, kama tulivyokubaliana mwanzoni, kwa kulinda siri za waliohojiwa.

Nilikuwa nimefika katikati ya mazungumzo ya bibi mmoja. Alikuwa anasimulia jinsi shemeji zake walivyokuja baada ya arobaini ya mumewe kugawana mikorosho aliyoipanda bibi mwenyewe, na jinsi alivyowatolea mkeka wakae. Nilitaka kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kufuta. Kisha nikaona si haki, hakunisimulia mimi. Nikafuta zote. Kompyuta ilifanya hivyo kwa sekunde, bila kukwama.

Pasaka kaka alikuja tena. Tulikuwa mezani na wageni wawili wa jumuiya, na mama, kwa fahari yake, akawaambia kwamba kompyuta yangu sasa inakwenda kama upepo tangu kaka aitengeneze.

"Kaka aliiharibu," nikasema. "Nimeitengeneza kwa fedha yangu, na kazi nimekosa."

Mama akaniangalia kana kwamba nimemwaga mchuzi. "Mbele za watu, mwanangu?" alisema taratibu.

Kaka akacheka. "Dada ana hasira za Kingoni," akawaambia wageni, nao wakacheka kwa kumfuata, kisha mmoja akauliza bei ya bima ya pikipiki, na mazungumzo yakaendelea.

Nikaondoka na sahani zangu kwenda jikoni. Hakuna aliyenifuata. Niliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi, nikiwasikia wanavyocheka. Mwishowe kaka akaja mlangoni, akasimama na taulo begani. Nilidhani atasema neno.

"Maji ya kuoga yapo?" aliuliza.

Nikamwambia yapo kwenye ndoo, nimeshayachemsha.