Wiki ya Fundi Oduor

Mumbe jirani yangu alinishika mkono tukitoka kuteka maji, akanionya nisimpelekee tena Fundi Oduor maziwa. Alikuwa amesikia kwa wauza mkaa wa Miasenyi kwamba siku ulipochimbwa msingi wa lile jumba la ghorofa, Oduor alizika kitu chini yake, na kitu hicho ndicho kimemshika. Mafundi wenzake wote walienda zao, yeye hawezi. Siku atakayopanda treni kurudi kwao Nyanza, atakufa njiani, hafiki hata Kibwezi.

Nikamuuliza kama kuna aliyeona.

"Hayo hayaonwi, wewe," akasema. "Mtu mwenye akili hakai miaka yote na jumba lisilo na mlango hivi hivi tu."

Jioni nikampelekea maziwa yake kama kawaida, mwanangu Wakesho mgongoni. Mume wangu Gibson yuko reli Mombasa, huja mwisho wa mwezi tu, kwa hivyo mimi na mtoto ndio majirani wa karibu wa Oduor. Tulimkuta ameshafagia mbele ya kibanda chake cha mabati. Tangu mtoto wangu aanze kutambaa, Oduor alikuwa anaokota misumari mchangani kabla hatujafika, anaitia kwenye kopo. Nilimtazama akiinama, nikafikiri, aliyezika kitu kibaya hawezi kuogopea magoti ya mtoto wa mwingine namna hii.

Jumba lenyewe liko nyuma ya kibanda, ghorofa saba katikati ya miiba ya Marungu, matundu matupu juu hadi chini kama sega lililokamuliwa asali. Lilipoanza kujengwa nilikuwa darasa la saba. Tulikuwa tunatoroka kwenda kuliangalia, kwa sababu hata Voi mjini hakukuwa na kitu kirefu hivyo. Walisema ni hoteli, lakini si ya kulipia usiku. Mzungu ananunua chumba kwa wiki moja ya mwaka. Wiki hiyo ni yake kila mwaka mpaka afe, kisha watoto wake warithi. Atalala akitazama ndovu kutoka kitandani, siku saba zikiisha anatoka, anaingia mwenye wiki inayofuata. Watu wa kwetu walicheka sana. Mumbe aliuliza, hao wenye nyumba ya wiki, wiki nyingine zote wanalala kwa mama zao?

Oduor hakucheka. Alikuwa fundi mkuu wa mawe. Alikuja huku kijana, akakata mkonge Mwatate, halafu akajifunza ujenzi kwenye nyumba za reli. Siku slabu ya zege ya ghorofa ya saba ilipomwagwa, msimamizi wa ujenzi alifungua kreti za soda, akamwita mbele ya wafanyakazi wote, akamkabidhi ufunguo. Chumba cha mwisho juu, upande wa mlima Kasigau, wiki ya mwisho ya Novemba: hiyo ni yake, zawadi ya kazi nzuri. Sharti ni lile lile la wazungu, kwamba asiyelala katika wiki yake, wiki hiyo anapewa mwingine.

Mlango wa ufunguo huo ulikuwa bado kuja. Haukuja. Mwaka ule wa njaa, tuliokula mahindi ya manjano, wenye kampuni ya hoteli walinyamaza kabisa. Lori likaja likabeba mbao zote na mashine ya kuchanganya simiti, likaenda. Mafundi nao wakaenda. Oduor akabaki na ufunguo shingoni, anajengea watu matangi na majiko, na kila Novemba anahamia juu na mkeka na taa. Hiyo taa ndiyo Mumbe na wenzake huiona wakaanza kuhesabu majini.

Mwaka jana ndovu walikuja kunywa kwenye shimo la bwawa la kuogelea lililojaa mvua, Oduor akakwama juu bila chakula. Walipoondoka nikapanda na uji. Ngazi hazina pa kushika. Alinikaribisha mlangoni, yaani mahali pa mlango, nami nikajikuta napangusa miguu. Akanionyesha: hapa kitanda, hapa bomba la maji moto, hapa meza ya mtu kuandikia barua kwao. Dirisha lilikuwa tundu kubwa linaloanzia sakafuni, na upepo ulivyoingia nilimshika Wakesho, wakati huo kichanga, kwa mikono miwili. Oduor aliketi katikati kabisa ya chumba, hakuegemea ukuta wowote. Nikajua huyu hajawahi kupata usingizi humu.

Mwaka huu, wiki yake ikiwa ianze Jumamosi, Alhamisi iliyotangulia akafika mgeni aliyeshuka treni Voi alfajiri. Alikuwa Fanuel, mdogo wake Oduor. Akaulizia kwangu, nikamtuma mtu kumwita kaka yake, nikawapikia chai. Walianza kwa Kijaluo. Baadaye Fanuel akageukia Kiswahili, nadhani alitaka mtu wa tatu asikie.

Kwao, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye hutangulia kujenga nyumba yake bomani, na baba mwenyewe ndiye humwonyesha mahali. Wa kwanza ni Oduor; yeye akikaa bila kujenga, wadogo nao wanakaa. Fanuel ndevu zimeshaingia mvi, na mkewe Awiti bado anapika jikoni kwa mama mkwe. Sasa mzee wao ameacha kula, anameza maji tu. Akifa hajaonyesha mahali, boma lote litakwama.

"Hata nguzo moja," Fanuel alisema. "Mzee akuone umeisimamisha. Kisha urudi kwa ghorofa yako."

Oduor akasema aliwapelekea habari kitambo kwamba waendelee, yeye ameshajenga Voi.

"Mzee alijibu, nyumba ambayo hatuwezi kukuzika mbele yake si nyumba."

Hapo Oduor akaanza kuzungusha ufunguo. Fanuel akaniambia mimi, kana kwamba kaka yake hayupo, kwamba kule nyumbani wanawake walishaimba kwenye arusi kuhusu Oduor mwenye nyumba juu ya nyumba. Mtu aliyeimbwa hivyo arudi na nguzo ya mti na udongo? Ndiyo aibu anayoikimbia. Halafu akamgeukia.

"Nani huja kukukagua wiki hiyo?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Mwaka ambao sitalala," Oduor akasema, "ndio watakuja."

Fanuel alianza kucheka, akaacha. Akachukua mfuko wake akaenda kungojea nje chini ya jua, maana treni ya kurudi ilikuwa usiku ule ule na safari ya Voi ni ndefu kwa miguu.

Oduor hakugusa chai. Wakesho akatambaa hadi kwake, akajishikilia suruali yake akasimama, mkono juu akiutaka ufunguo. Oduor alimwinamia mtoto. Akauvua shingoni. Nilidhani anampa achezee, kumbe aliuweka kwenye kiganja changu, bado una joto la kifua chake. Nikaona ngazi zile zisizo na pa kushika, na Gibson akishuka mwisho wa mwezi kukuta nyumba yake imefungwa na taa inawaka ghorofa ya saba, na Mumbe amesimama njiani kumweleza.

"Mama Wakesho, nilalie wiki yangu kule juu," Oduor akasema. "Lile tundu la dirisha lizibe kwa mabati ya kibanda changu, mtoto asifike. Taa iwake ionekane. Na mtu akija kuuliza, usimwambie nimeenda kwetu. Mwambie Oduor ameshuka kidogo kuteka maji."